Sinema na umri: majibu kwa wasomaji wa Mbeya na Iringa

Ujanani tulijaa sinema na wake zetu. Mbona siku hizi ni vijana watupu? (Mzee, Mshindo, Iringa)

Shikamoo mzee wangu. Rika lenu halikuchoka picha, picha ndizo zilizowafuata nyumbani. Zanzibar ilipata televisheni 1973. Bara tukasubiri hadi 1994, ila deki za video zilishatangulia. Mwenye deki sebuleni atoke na baridi hii ya Juni kufuata nini? Kijana anacho cha kufuata: anaikimbia sebule hiyohiyo, maana rimoti anayo baba. Waingereza nao yaliwakuta. Mwaka 1946 walikata tiketi zaidi ya bilioni 1.6; mwaka 1984 zikabaki kama milioni 54 tu.

Nafanya utafiti wa chuo. Kwenye kibanda umiza (banda la kuonyeshea video na mpira kwa kiingilio) kimoja Mwanjelwa, waliozidi miaka 30 ni wachache mno. Niandike kwamba watu wakikua huacha? (Mwanafunzi, Mbeya)

Usiandike. Hesabu ya usiku mmoja inakuonyesha marika mbalimbali, haikuonyeshi mtu akikua. Huyo wa miaka 50 uliyemkosa huenda hakuacha. Huenda kijijini kwao hakukuwa na ukumbi tangu mwanzo. Mtafute, umuulize: ulipokuwa na miaka 20 ulikwenda mara ngapi kwa mwezi? Kisha mlinganishe na wa miaka 20 wa leo. Kumbukumbu hutiwa chumvi, kwa hiyo muulize pia kiingilio kilikuwa shilingi ngapi na alikwenda na nani.

Halafu tenga usiku wa mpira na usiku wa filamu. Ligi ya Uingereza ikichezwa, benchi lilelile hukaliwa na wenye mvi. Ikiwekwa picha ya kigeni yenye DJ wa kutafsiri, yule anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake, wananyanyuka. Wasichana nao wahesabu kando. Kukosekana kwao si habari ya umri, ni habari ya nani anaruhusiwa kutoka usiku.

Mwanangu wa miaka 10 hashindi Jumamosi bila kwenda kibandani. Inaruhusiwa? (Mama, Uyole)

Mama, filamu hupangiwa umri na Bodi ya Filamu. Sheria yenyewe ni Na. 4 ya 1976. Mlangoni lakini anakagua mwenye kibanda, naye anaangalia hela. Nenda ukaongee naye.

Nataka kufungua ukumbi mdogo Kihesa. Nilenge vijana? (Mjasiriamali, Iringa)

Wanachuo watakuja wenyewe Ijumaa usiku. Pambana na Jumapili alasiri, watu wakitoka ibadani: viti vyenye migongo, choo kisafi, picha iishe kabla ya giza. Na punguza spika. Wa umri wangu tunafukuzwa na sauti kuliko na filamu yenyewe.