Jibu: Kusoma faili la .SC2Replay bila kuwasha gemu

Mkuu, umeuliza jinsi ya kusoma faili la .SC2Replay bila kuwasha gemu, na kama limeharibika. Kulifungua kwa Notepad ukakuta herufi za ajabuajabu ni kawaida, faili lako ni zima. Rekodi ya mechi ya StarCraft II (gemu ya vita ya kompyuta) si video. Ni mlolongo wa amri, nani kabofya nini na wakati gani, kisha gemu yenyewe huichezesha mechi upya. Ndiyo maana faili ni dogo hivyo, na VLC (programu ya kuchezea video) haitaambulia kitu.

Faili lenyewe ni kasha la MPQ, yaani faili moja la mtindo wa Blizzard (watengenezaji wa gemu) linalobeba mafaili mengine ndani: replay.details ina majina ya wachezaji na ramani, replay.tracker.events ina vikosi vilivyozaliwa na kufa (hapo ndipo penye utamu).

Ukishaweka Python, andika kwenye terminal pip install sc2reader (maktaba ya Python ya kusoma rekodi hizi), halafu ndani ya Python andika import sc2reader, kisha sc2reader.load_replay("mechi.SC2Replay"). Ikigomea rekodi ya toleo jipya, jaribu s2protocol, maktaba nyingine ya Python ya Blizzard wenyewe, ingawa inakuachia kazi nyingi zaidi.