Kidato cha Pili wanasoma vizuri, ufahamu wanaanguka

Mwalimu wa Wete, darasa lako linasoma Kiingereza kwa sauti bila kukwama, maswali ya ufahamu wanapata sifuri. Si ajabu: kusoma kwa sauti kunapima matamshi na wepesi wa kusoma, si uelewa.

Chukua kifungu cha maneno 200 hivi. Kwanza wanafunzi wayapigie mstari maneno wasiyoyajua. Yakizidi 5 katika kila 100, kifungu ni kigumu, badilisha. Maswali 8 yatosha: 3 ambayo jibu limo wazi, 3 ya kung'amua, 2 ya maana ya neno lilivyotumika. Swali lisirudie maneno ya kifungu, maana watanakili sentensi nzima bila kuielewa, nawe utawapa alama (mtego huo hunasa walimu wengi). Ruhusu majibu kwa Kiswahili, na tahajia usiikatie alama. Anayesogeza karatasi hadi puani, waambie wazazi wampeleke akapimwe macho.