Kuonyesha miaka ikipita katika filamu ya mfichua rushwa

Ndugu, umeuliza utaonyeshaje miaka kumi ya askari anayefichua rushwa kwa mwigizaji mmoja na bajeti ndogo. Anzia kwenye nywele. Mwongozaji Sidney Lumet alipotengeneza Serpico (1973), filamu ya askari wa kweli wa New York aliyefichua rushwa ya polisi wenzake, alipiga picha akitoka mwisho wa hadithi kurudi mwanzo. Al Pacino, aliyeigiza askari huyo, alianza na nywele ndefu na ndevu zilizojaa, zikapunguzwa kidogo kidogo hadi akabaki kuruta aliyenyolewa. Basi mwigizaji wako aache kunyoa miezi mitatu kabla, maana kukata ni dakika, kuotesha ni miezi.

Balaa lake ni kwamba wembe ukishapita, onyesho lililosahaulika halirudiwi. Panga maonyesho yote kwa hatua za ndevu, piga picha za uso mbele na pembeni, na usiruhusu kunyoa kabla hujakagua kazi ya hatua hiyo, sauti ikiwemo.

Kwenye mswada, usikimbilie risasi. Frank Serpico, yule askari wa kweli, alipigwa risasi usoni Februari 1971, lakini uzito uko kwenye miaka aliyowalilia wakubwa bila kusikilizwa, mpaka gazeti la New York Times lilipochapa habari hizo Aprili 1970 ndipo meya wa jiji akaunda tume ya kuchunguza rushwa ya polisi. Maonyesho ya ofisini ndiyo roho ya filamu, na ndiyo huchosha yakifanana. Kila mkubwa mpe sababu yake ya kukwepa: mmoja aogope, mwingine aahidi, wa tatu amgeuzie kibao mlalamikaji.