Muhali na Ubao wa Kazi

Ukianzisha kampuni ya programu hapa Unguja, zana za kupangia kazi utazipata bila shida. Trello, ubao wa kazi wa mtandaoni, unaweza kuanza nayo bila kulipa, na Mwongozo wa Scrum, utaratibu wa timu kupanga kazi kwa vipindi vifupi, uko bure mtandaoni. Kinachotushinda ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu.

Timu niliyofanya nayo kazi Mjini ilikuwa ikitengeneza mfumo wa kupokea maombi ya vyumba kwa hoteli ndogo za Paje na Jambiani. Ubao ulikuwepo: kazi za kufanya, zinazofanywa, zilizokwisha. Lakini kazi zenyewe hazikupitia ubaoni. Usiku mwenye hoteli humpigia simu kijana wa programu: "Mwanangu, nifanyie kijambo kidogo tu, bei zionekane kwa dola." Ni rafiki wa baba yake, atamkatalia vipi? Asubuhi kazi iliyopangwa imelala, na hakuna ajuaye sababu.

Ninachokishikilia kuliko vyote ni hiki: mlango wa maombi uwe mmoja. Mwongozo wa Scrum wa 2020 unasema wazi kwamba anayeamua kipi kitangulie ni mtu mmoja, si kamati, na taasisi nzima iheshimu uamuzi wake. Kwetu hili lina faida zaidi, maana linamwondolea kijana mzigo wa kumkatalia mkubwa. Hujibu kwa adabu: "Sawa mzee, namfikishia dada anayepanga kazi, atakwambia lini." Hajamvunjia mtu heshima, wala mpango haujavurugika. Na dada huyo atoe tarehe siku hiyo hiyo. Akinyamaza, mzee atarudi kwa kijana, na ana haki.

Halafu itazameni kalenda ya hapa. Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, hoteli nyingi hufunga au hubaki na wageni wachache. Huo ndio wakati wa kukaa na wenye hoteli na kuujaribu mfumo. Julai hawana nafasi hiyo. Ramadhani nayo, kikao cha kila siku cha dakika 15 kiwe asubuhi, na kazi za wiki zipunguzwe kabla mwezi haujaandama.

Mgumu zaidi kumzoesha ni mwenye kampuni. Akipitisha ombi kwa mlango wa nyuma, mwambieni faraghani, si kikaoni, na mumwoneshe ubaoni tarehe zilizosogea kwa ajili ya ombi hilo.