Dada wa kazi alipoenda kwao nikapungua kilo nne: je, kazi za nyumbani ni mazoezi?

Miaka yote mi nilikuwa nasema sihitaji mazoezi, mazoezi ya nini wakati mtu unashinda unahangaika, asubuhi uwaamshe watoto, uwaandae, uwahi gari, jioni urudi foleni imekumaliza uanze na mambo ya jikoni, jumamosi shughuli za watu, jumapili kanisani na wageni juu yake. Mtu akinigusia habari za jimu nilikuwa namjibu jimu yangu ipo nyumbani kwangu. Na wala sikuwa natania, nilikuwa naamini kabisa.

Sasa siku hiyo nimeenda kupima presha tu, kichwa kilikuwa kinanisumbua, nesi akanipandisha kwenye mzani akasema, "Mama, kilo 91." Nikamwambia huu mzani wenu una shida, nikavua viatu, nikaweka mkoba chini, nikatoa na simu mfukoni, ikaja 90 na nusu. Presha 146 kwa 92. Nikaingia kwa daktari, kijana mdogo tu, akaniuliza mama unafanya mazoezi? Nikasema nafanya sana dokta, kazi za nyumbani kila siku. Akaandika kidogo, akainua kichwa akaniuliza kwa upole kabisa, "Nyumbani kwako nani anafagia?"

Jamani. Nilinyamaza. Anafagia dada. Kufua dada, deki dada, vyombo dada, kwenda gengeni dada. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kusema hapo hapajatakata. Ofisini nakaa kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, mahesabu ya watu, nainuka kwenda chooni na kufuata chai. Kutoka nyumbani mpaka stendi ya Kimara Mwisho nachukua boda, mwendokasi nikibahatika nakaa, nikishuka Gerezani ofisi ipo pale pale. Ukiangalia vizuri kumbe kilichokuwa kinakimbia siku nzima ni akili, miguu ilikuwa imepumzika. Nachoka kweli, jioni nimechoka hoi, lakini ule uchovu wa kuwaza na foleni haupunguzi kitambi hata robo kilo.

Nimeanza na hilo kwasababu najua wengi mnaosoma hapa mko vile vile, tena wanaume ndo usiseme, mtu anakwambia mimi nashinda kwenye mishemishe mjini, ukimfuatilia mishemishe zote kafanyia ndani ya gari.

Basi miezi kama miwili baadae dada akapigiwa simu mama yake anaumwa, akaenda kwao Kondoa, akasema wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi mitatu. Kutafuta mwingine nikaona uvivu, na yeye nampenda, watoto wamemzoea, nikasema tutajikongoja hivyo hivyo.

Ntakwambia kitu, kama hujafagia uwanja na fagio la chelewa kwa miaka kumi, usijidanganye kwamba unajua kufagia. Kwangu kuna mwembe, majani yake yanaanguka hata kama hamna upepo, siku ya kwanza nimeinama nimefika nusu ya uwanja kiuno kikagoma, nikasimama nimeshika fagio kama askari na mtutu, jasho linaingia machoni, na hapo ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi hakuna hata jua. Kufua mashuka kwa mkono ndo balaa lenyewe, shuka la sita kwa sita likishaloa uzito wake ule kulikamua ni mieleka. Maji yakikatika nafuata kwenye tenki la jirani, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 hizo, mikono ilikuwa inatetemeka mpaka siwezi kushika kalamu ofisini. Wiki ya kwanza nililala na maumivu, wiki ya tatu nikaanza kumaliza uwanja bila kusimama.

Mwisho wa ile miezi mitatu nilikuwa na kilo 86 na nusu. Sikubadilisha chakula makusudi, sikunywa majani ya mtu yeyote. Halafu dada akarudi, tukafurahi, mama yake amepona, nikamkabidhi fagio lake. Baada ya miezi miwili nikapanda mzani ule ule: 89. Hapo ndo nikasema hapana, hili jambo lazima nilielewe.

Nilivyolielewa ni hivi. Mtu akiwa amekaa tu ametulia, mwili unachoma kama kalori 1 kwa kila kilo kwa kila saa. Kuosha vyombo ni kama mara mbili ya hapo. Kufagia na kupiga deki ni mara tatu na kidogo, kutembea kwa haraka ni mara nne na zaidi, kukimbia mara nane na kuendelea inategemea unakimbiaje. Kwahiyo mtu wa kilo 90 akifagia na kudeki saa nzima ni kama kalori 300, ambazo 90 kati yake angezichoma hata angekuwa amekaa anaangalia tamthilia. Faida ni kama 200. Sio ndogo! Ila angalia upande wa pili: soda ya chupa ya nusu lita ina kalori kama 210. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni 120. Yaani saa nzima ya kuinama unaifuta kwa soda moja uliyokunywa umesimama dukani huku unajiambia nimechoka acha nijipongeze.

Na kujipongeza huku ndo adui mkubwa, sio uvivu. Mi nilijikamata mwenyewe. Siku za kufua nilikuwa nakula chapati mbili za chai badala ya moja, moyoni nasema leo nimefanya kazi. Siku za kupika ndo kabisa, kaonje kamoja, kipande cha nyama cha kuangalia chumvi, ile chapati ya kwanza iliyoharibika umbo ambayo haiwezi kwenda mezani, unadhani inaenda wapi? Nikipiga mahesabu naona kwa miezi ile mitatu ningepungua zaidi ya zile kilo nne kama nisingekuwa naonja onja. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori kama 7,700, piga hesabu ni chapati ngapi zilizoharibika umbo.

Sasa kuna swali ambalo shemeji yangu alinibana nalo mpaka nikakosa jibu. Akasema kama kufagia kunapunguza, mbona mama jirani (huyo huyo mwenye tenki) amefagia uwanja maisha yake yote, hana dada wala nini, na ni mnene kuliko wewe? Swali zuri. Jibu nililokuja kulipata ni kwamba kwa mama jirani ile kazi ndo kawaida yake, chakula chake na uzito wake vilishajipanga kulingana nayo zamani sana. Akiacha leo atanenepa zaidi, ila akiendelea nayo hivyo hivyo haimpunguzi. Mimi nilipungua kwasababu kwangu ilikuwa nyongeza, nilitoka kwenye kukaa nikaingia kwenye kuinama. Mzani unaitikia kilichoongezeka kwenye siku yako, wala haukupi heshima kwa kazi uliyoizoea tangu usichana.

Na hili limewahi kupimwa hapa hapa kwetu Tanzania, kwa Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi. Hawa ni watu wanaowinda, wanatembea, wanachimba mizizi, hamna kukaa kitako ofisini. Watafiti wakiongozwa na Mmarekani Herman Pontzer walipima nguvu ambayo miili yao inatumia kwa siku nzima, wakachapisha majibu mwaka 2012, na ajabu ni kwamba ukishaweka hesabu ya ukubwa wa mwili, haikuwa tofauti na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti! Pontzer anaeleza kwamba mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi kwingine ili hesabu ya siku isivuke sana. Kama mama wa nyumbani bajeti ikibana, luku haiguswi, ila saluni mwezi huu hamna. Na bado Wahadzabe sio wanene, maana chakula chao ni kile cha porini, hakuna vitumbua kila kona. Mi niliposoma hilo nikaacha kabisa kutegemea fagio peke yake linitoe kwenye 90.

Ila msinielewe vibaya mkaacha kufagia. Uzito ni jambo moja, moyo ni jambo jingine. Kuna ule utafiti wa zamani wa Uingereza, daktari Jeremy Morris na wenzake, 1953, waliangalia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa, konda anapanda na kushuka ngazi siku nzima kukata tiketi. Kampuni moja, mabasi yale yale, lakini makonda walikuwa na magonjwa ya moyo machache kuliko madereva. Wale makonda hawakuwa wanaenda jimu, ilikuwa kazi tu. (Makonda wetu wa daladala sijui tuwaweke wapi, maana wao wananing'inia mlangoni na kupiga kelele, labda mapafu.) Na hata presha yangu, mwezi ule wa tatu wa fagio ilisoma 134 kwa 86, na nilikuwa bado mnene tu.

Shirika la Afya Duniani nao walitoa mwongozo 2020, wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kazi ya kati, na wakaondoa lile sharti la zamani kwamba lazima uunganishe angalau dakika 10 mfululizo ndo ihesabike. Saivi hata dakika tatu za ngazi zinahesabika. Lakini hapo kwenye "ya kati" ndo wengi tunajidanganya. Kipimo chake rahisi: kuongea unaweza, kuimba huwezi. Mimi nilikuwa naosha vyombo huku naimba nyimbo za kwaya mpaka beti la mwisho na sauti ya pili naweka, sasa hiyo ni kazi nyepesi, inasaidia kuliko kukaa lakini usiiandike kwenye dakika 150. Kwenye kufagia uwanja naishia kiitikio. Kwenye ndoo siimbi.

Kipimo changu kingine ni mdogo wangu wa Tanga. Nikimtumia voisi wasap nikiwa napanda kile kilima cha kutoka stendi, akiniuliza "dada mbona unahema, unakimbizwa?" najua leo nimetembea. Asipouliza najua nilikuwa najivuta.

Maana ndo nilichokifanya baada ya hapo, boda ya kwenda stendi nimeacha. Ni dakika 25 kwenda na 25 kurudi, siku tano, tayari dakika 250 kwa wiki, na kwa uzito wangu ni kama kalori 180 za ziada kwa siku ambazo sikuwa nazichoma kabla. Kiatu cha ofisini kinakaa kwenye mkoba, mguuni raba. Siku ya mvua napanda boda sitaki ushujaa wa kijinga. Soda nimeacha siku za kazi, mafuta ya mboga napima kwa kijiko badala ya kumimina kwa macho, hicho kijiko nadhani ndo kimefanya kazi kubwa kuliko vyote kwenye mzani, nisiwadanganye.

Mwanangu aliniwekea kwenye simu ile apu ya kuhesabu hatua, eti mpaka ufike elfu kumi. Hiyo namba asili yake ni Japani, 1965 walitoa kifaa cha kuhesabu hatua jina lake likimaanisha mita ya hatua elfu kumi, ilikuwa namba nzuri ya kuuzia tu. Mi nafika elfu saba, nane, siku nyingine tano. Na siku za kufua apu inaniandikia hatua mia tisa kwasababu simu ilikuwa kwenye chaji, sasa ukiifuata hiyo unaweza kulia.

Leo niko 83. Nimesimama hapo tangu mwezi wa tano, na nadhani mwili umeshazoea kilima kama mama jirani alivyozoea uwanja, kwahiyo inabidi niongeze kitu au nipunguze kitu mezani. Nimeanza kubeba ndoo mbili za kumwagilia mboga jioni. Na fagio la nje nilimnyang'anya dada, yeye abaki na deki ya ndani. Mwanzoni alidhani nimekasirika nataka kumfukuza, akaenda kulia chumbani, ikabidi nimweleze habari ya yule daktari na swali lake. Saivi akiamka mapema kuliko mimi anafagia kimya kimya, nikitoka nakuta uwanja unang'aa na yeye anacheka dirishani.