Kabla Hujanunua Fulana za Amani

Uchaguzi ukianza kunukia huku kwetu Molo, kwenye Bonde la Ufa la Kenya, simu yangu nayo huanza kulia. Ni vijana wanaotaka kuanzisha kikundi cha amani, na swali lao la kwanza ni lilelile: tutapata wapi mfadhili wa fulana, kofia na gari la vipaza sauti? Huwa nawaambia fulana zitangoja. Mimi ni muuza mitumba, na niliingia kwenye kamati ya amani ya lokesheni, yaani eneo la chifu mmoja, baada ya ghasia za uchaguzi za 2008. Yote niliyojifunza nimejifunzia sokoni na barabarani. Mahubiri ya amani nimeyasikia mengi, na sijaona yakimshusha mtu panga. Nilichoona kikifanya kazi ni kukiwahi kisa kimoja kidogo, mbuzi aliyeibwa, kijana aliyepigwa, ua uliosogezwa usiku, kabla hakijawa kesi ya kabila zima.

Ujuzi huu ulianzia Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 1992 ukame ulikuwa umefagia mifugo, uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa mlangoni, na bunduki zilikuwa zikivuka mpaka kutoka Somalia, ambako serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka mwaka uliotangulia. Degodia, Ajuran na Ogaden, koo za Kisomali za huko, wakapigana. Usiku mmoja mama mmoja wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi, alijificha chini ya kitanda na mtoto wake, risasi zikilia nje. Kulipokucha mama yake akamwambia kwamba naye aliwahi kujificha vivyo hivyo, Dekha mwenyewe akiwa mtoto. Wanawake kadhaa walianza kulizungumza jambo hilo harusini, kisha wakahamia sokoni, na hapa ndipo ninapotaka vijana wangu watie akili. Hawakuandamana kwanza. Walikaa macho ili mama yeyote, wa ukoo wowote, aweze kununua na kuuza bila kusukumwa wala kutukanwa. Biashara ilipotulia ndipo wakawaendea wazee, na mazungumzo yakaongozwa na mzee wa ukoo mdogo usioweza kumtisha yeyote. Septemba 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah, mapatano yao ya amani. Kamati za amani zilizoenezwa nchi nzima baada ya 2008 zilifuata nyayo hizo. Dekha mwenyewe, Januari ile mbaya ya 2008, alikuwa Nairobi pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali Opande na Sumbeiywo, wakihangaika kuituliza nchi ambayo ghasia zake ziliua zaidi ya watu 1,100. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakuuliza: watu wa kwenu wanalazimika kukutana wapi, wapende wasipende? Huku kwetu ni soko la viazi, kituo cha bodaboda na zahanati. Mkikuyu ana shamba, Mkalenjin ana lori, Mkisii ana wateja mjini, na gunia halifiki popote bila hao watatu. Kwingine itakuwa kisima au josho la ng'ombe. Kaa hapo. Wajue wanaoaminika na pande zote, na mara nyingi hawatakuwa wale wanaoshika maikrofoni kwenye baraza la chifu. Kwetu, mtu wa maana kuliko wote ni mama mmoja anayeuza uji, kwa sababu kila dereva hupita kwake kabla ya alfajiri na kumwachia habari zote za njiani.

Cha pili ni uvumi. Nikipewa saa moja tu ya kufundisha kikundi kipya, nitaimaliza yote hapa. Wiki ya uchaguzi wa 2022, usiku, ulitufikia ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp: lori letu la viazi limechomwa kwenye njia ya Olenguruone, vijana watoke. Sauti ilikuwa ya mtu anayehema, na hicho ndicho kilichowatia watu moto. Nikampigia mama mmoja wa upande ule, tunayenunua naye nguo kwenye belo moja. "Dada, samahani kukuamsha. Kuna moto gani huko kwenu?" Akaniambia nisikate simu. Nikasikia mlango, mbwa, mbio za gambuti kwenye matope, halafu sauti za wanaume. Aliporudi alikuwa anacheka kwa hasira. Lori lilikuwa limezama kwenye matope, na utingo alikuwa amewasha tairi kuukuu aote moto. Nikamwomba ampe dereva simu, nikairekodi sauti yake na kuituma kundini. Dereva aliwatukana wote waliomwamsha, na tusi lile likafanya kazi kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa kila mtu aliitambua sauti yake.

Angalia kilichotuokoa pale. Nilikuwa na nambari ya mtu wa upande wa pili, na urafiki wetu ulikuwa wa biashara, wa miaka, kabla ya shida. Nambari unayoitafuta siku ya moto haitapokewa. Jingine ni kwamba jibu lilikuja kwa sauti ya mhusika. Mimi kuandika kundini kwamba "habari hizo si za kweli, tudumishe amani" kungeonekana kama kuficha jambo.

Lugha nayo ina kazi yake. Kwenye kundi letu mwizi ana jina, au ana koti jekundu na pikipiki isiyo na taa. Hana kabila. Anayeandika "wametuibia" huulizwa papo hapo: nani, wapi, saa ngapi? Wengine huudhika na kutoka kundini. Waache watoke.

Kuhusu vijana sitasema mengi, ila hili: usiwaite kuhubiriwa. Wao ndio watakaobeba panga au kukataa kulibeba, na wanajua nani amewaahidi pesa. Wape kazi ya kupeleka na kuthibitisha habari, maana wana pikipiki na wanafika kabla ya polisi.

Pesa zina mtihani wake. Kamati nyingi nilizoziona zikifa zilikufa kwa posho. Mfadhili anakuja, semina inafanyika hotelini, watu wanasaini na kula kuku. Mfadhili akiondoka, hakuna anayekuja mkutanoni bila bahasha. Kama mnahitaji hela, changeni za muda wa maongezi na mafuta ya pikipiki, zitoke mifukoni mwenu.

Sasa jambo gumu, ambalo wanaharakati wenzangu hawalipendi. Mwaka 2013 tuliimbiwa amani redioni na kwenye mabango mpaka mtu akiuliza kuhusu kura au shamba lake alionekana mchochezi. Sikufurahia. Hapa Molo watu walifukuzwa 1992 wakafukuzwa tena 2008, na wapo ambao hati za ardhi bado wamezifungia kwenye nailoni ingawa mashamba hawayaoni. Ukimwendea mtu kama huyo na "tusameheane", anasikia "nyamaza". Kaa naye, andika madai yake, msindikize kwa chifu na kwenye ofisi ya ardhi, hata kama faili halitasogea mwaka huu. Wajir nao wana kidonda cha Wagalla, cha Februari 1984, wanajeshi wa serikali walipoua watu kwenye uwanja wa ndege. Wanaharakati wa amani wa kule hawakuhitaji kukifuta kisa hicho ili wafanye kazi, na manusura wameendelea kudai haki. Mtu anaweza kudai shamba lake kwa sauti ya juu kabisa na bado akakataa nyumba ya jirani ichomwe. Ninao wengi wa namna hiyo kwenye kamati, na ndio wanaosikilizwa zaidi, kwa sababu hakuna anayeweza kuwaambia hawajui uchungu.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Usisubiri Julai. Julai kila mtu anakushuku umetumwa na mgombea, na pengine kweli kuna mgombea anayekutafuta. Anza wakati watu wana shughuli zao na hakuna anayekutazama. Kama una nambari mbili za watu wa ng'ambo ya barabara, wapigie wiki hii, uwaulize bei ya viazi tu. Ya tatu utapewa na hao wawili.