Maswali ya Wasomaji: Darubini au Mablanketi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi mzaliwa wa Kigoma, sasa naishi Salt Lake City na mke wangu na watoto watatu. Nyota wanazozijua hawa watoto ni zile tano sita zinazopenya taa za mji. Nataka tukapige kambi katika hifadhi ya Natural Bridges, kusini mwa Utah, wikendi ndefu ya mwisho wa Mei. Kuna darubini nimeiona dukani, bei yake karibu nusu ya kodi ya nyumba. Niinunue? Halafu mama watoto anaogopa nyoka.
Baba Watatu

JIBU: Marahaba, baba. Darubini iache hapo hapo dukani. Nunua mablanketi, na tochi yenye taa nyekundu. Kule ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jua likizama, jangwa linapoa upesi. Macho nayo yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mtoto mmoja akiwasha simu mnaanza upya wote. Kusanya simu. Watanuna, watazoea.

Hifadhi ile ndiyo ya kwanza duniani kutambuliwa rasmi kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, mwaka 2007. Lakini mbalamwezi haijali cheti. Mwezi ukiwa mpevu, korongo zima linang'aa na nyota zinafifia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mvua, uliza mwezi. Muulize jirani Muislamu tarehe: ukienda mwezi ukiwa 28, au ndiyo kwanza umeandama, umepatia.

Mwisho wa Mei mimi siupendi. Viwanja vya kambi ni 13 tu, havihifadhiwi, anayewahi ndiye apataye, nawe unatoka mwendo wa karibu saa sita kwa gari. Giza kamili linaingia baada ya saa nne usiku, na ile sehemu nene ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokata anga, hupanda vizuri karibu na saa sita, mtoto wako mdogo ameshalala fofofo. Kilimia, kile kishada cha nyota, usiwaahidi kabisa. Siku hizo kiko upande wa jua, hakionekani.

Nenda mwishoni mwa Septemba. Saa tatu usiku giza limeshatanda, na Njia Nyeupe imesimama upande wa kusini. Teremkeni hadi Owachomo, daraja la mawe ambalo maji yalilichonga yenyewe: urefu wake kama mita 55, unene chini ya mita tatu. Njia ni fupi, hata mtoto anaiweza. Mkikaa mkao mzuri, Njia Nyeupe inapita juu ya daraja. Ukisubiri kidogo, Kilimia nacho kitachomoza mashariki.

Kisha waonyeshe kitu ambacho wewe hukukiona Kigoma: Nyota ya Kaskazini. Kwetu, kusini mwa ikweta, haipandi juu ya upeo. Huko Utah inakaa karibu nyuzi 38 juu ya upeo, usiku kucha haihami. Si nyota kali sana, watu hukosea hapo. Waambie pia kwamba Msalaba wa Kusini, ambao babu yao aliuona akiwa mlangoni kwake, kule hauonekani hata usiku mmoja. Na ule ukungu mdogo wa Andromeda, ambao ni kundi jingine kubwa la nyota mbali na letu, wautafute kwa macho matupu: nuru ile imesafiri miaka kama milioni 2.5. Wakisumbua, ile darubini ndogo ya macho mawili, ya kutazamia ndege, inatosha.

Mafuta na chakula jazeni Blanding, kama kilomita 65 kabla ya kufika. Maji bebeni ya kutosha. Kambini hakuna bomba, mtarudi kuchota kwenye kituo cha wageni. Kuni msiokote, ni marufuku. Na ule udongo mweusi wenye vinundu msiukanyage: una uhai ndani yake, na ndio unaoshikilia mchanga usipeperuke. Mkiona mawingu mazito, hata ya mbali, msiteremke korongoni, maana mafuriko ya huko hayangoji mvua iwanyeshee ninyi.

Nyoka wapo, sitamdanganya mama watoto. Atembee na tochi, akung'ute viatu asubuhi, asitie mkono kwenye mwanya wa jiwe. Wanaowala watu kwelikweli ni visubi wa Mei na Juni, nao Septemba wameshakwisha.